Bata Mzinga Mgonjwa na Haki ya Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho juu ya ardhi na kila kirukacho angani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, huenda wako watakaostaajabu kuona kurasa hizi, ambazo desturi yake ni kusema juu ya sala na ndoa na malezi ya watoto, leo zasema juu ya bata mzinga. Twawaomba wasifanye haraka kutucheka. Dini yetu haikuishia kwenye kizingiti cha msikiti. Imeingia jikoni, na sokoni, na uani kwenye banda la kuku. Na mara nyingi ni huko uani, wala si msafuni, ambako imani ya mtu hujulikana.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu yetu mmoja wa darasa, fundi cherehani, anakaa Kabiro, upande wa Kawangware, mahali ambapo nyumba zimeshikana mabati kwa mabati, na mwenye ua wa hatua kumi hujiona tajiri. Katika ua huo anafuga kuku kiasi cha kumi na watano, na pamoja nao mabata mzinga wanne, dume mmoja na majike watatu. Yule dume alikuwa amekwisha kutoka katika hesabu ya biashara. Binti wa fundi, mtoto wa miaka tisa, alimlea tangu yu kifaranga, akamwita Sultani kwa vile alivyokuwa akitembea kwa maringo na mkia wake kautandaza kama upepo wa ukili. Mtoto akirudi skuli, Sultani humlaki mlangoni.

Siku moja Sultani hakuja mlangoni. Alikutwa amesimama pembeni, mbawa zimelegea, macho kayafumba, manyoya yamefutuka, chakula hakitaki. Na kinyesi chake kilikuwa cha manjano kama unga wa kiberiti. Usiku ule katika nyumba ile yalitolewa mashauri matatu. Ami wa fundi alisema, “Mchinjeni sasa hivi, auzwe kwenye kibanda cha chakula kabla hajafa, mlaji hajui.” Mama mkwe alisema, “Hili ni jicho. Yule jirani alimtazama juzi akamsifu, wala hakutaja jina la Mungu.” Na shemeji alisema, “Wale wazima tuwapeleke Kibera leo leo, kwa jamaa zetu wa Makina, wasije wakaambukizwa.”

Fundi alitujia siku ya pili baada ya sala ya Isha, naye amechanganyikiwa. Kufika kwake, hirizi ilikuwa imekwisha kufungwa shingoni mwa ndege, na yule jirani alikuwa amekwisha kutupiwa maneno machungu mbele ya watu bombani. Tutayaeleza mashauri hayo matatu moja moja, kwani twaamini hayako katika nyumba ile peke yake.

Lakini kwanza tuseme neno juu ya ndege mwenyewe, maana wako waliotuuliza kama inafaa kumfuga na kumla. Asili ya bata mzinga ni bara la Amerika, na hakujulikana na Waarabu wa zamani. Ndiyo maana kila taifa limemnasibisha na nchi ya mbali: Waarabu humwita jogoo wa Rumi, Waingereza wakamwita kwa jina la Uturuki, na Waturuki wenyewe wakamwita kwa jina la Hindi. Sisi twamwita bata ilhali si bata. Wala si ndege wa kucha anayewinda, bali ni mla nafaka na majani na wadudu kama kuku. Na kanuni ya wanavyuoni ni kuwa asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Basi kuliwa aliwa, na kufugwa afugwa.

Na mtoto kumpenda ndege si upuzi. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na ndugu yake mdogo akiitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kijindege akikicheza. Kijindege kile kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma iliyokuwa juu yake, alimwendea mtoto yule akamuuliza habari ya kijindege chake, kwa maneno ya upole yenye mizani ya kumfurahisha. Wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo fundisho juu ya fundisho. Sisi latutosha moja: aliye bora wa viumbe hakuona kuwa huzuni ya mtoto kwa ajili ya ndege ni kitu cha kudharauliwa.

Tuje kwenye shauri la kwanza, la kumchinja na kumwuza. Kisharia, mnyama mgonjwa akichinjwa hali uhai ungalimo, kuchinja huko kwasihi. Kijakazi wa Ka'b bin Malik alikuwa akichunga kondoo, akamwona mmoja anataka kufa, akavunja jiwe akamchinja kwa ukali wake, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa aliamrisha aliwe. Lakini tazameni vizuri: watu wale walikula wakijua. Hakuna aliyefichwa. Ama kumwuzia mwenye kibanda ndege uliyemwona wewe kwa macho yako anahara manjano, nawe ukanyamaza, na yeye akawalisha vibarua waliotoka kazini na njaa zao, hilo ni jambo jingine kabisa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka akakuta umaji chini yake. Alipoambiwa kuwa ni mvua, aliuliza kwa nini ile iliyolowa haikuwekwa juu watu wakaiona. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Ikiwa hayo yalisemwa juu ya nafaka iliyolowa maji ya mvua tu, yatasemwaje juu ya nyama ya ndege mgonjwa?

Na akifa mwenyewe kabla ya kuchinjwa, huyo ni mzoga, haramu kwa muuzaji na kwa mlaji. Wako wachuuzi ambao humpitishia kisu shingoni aliyekwisha kufa, wapate kusema amechinjwa. Hao hawakuwadanganya wanunuzi peke yao.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni hili: ndege aliyenyweshwa dawa, nyama yake na mayai yake yana siku za kungojewa mpaka dawa imtoke mwilini, na siku hizo hutofautiana dawa kwa dawa. Anayemtibu ndege leo na kesho akauza mayai yake, amewalisha watu dawa bila ya wao kujua. Huo nao ni ghushi, ijapokuwa hauonekani kwa macho.

Shauri la pili ni la jicho na hirizi. Sisi hatukanushi jicho, kwani hadithi zake ni sahihi. Lakini aliyetufundisha kuwa jicho ni kweli ndiye pia aliyetufundisha dawa yake: mtu akiona kinachompendeza aombe baraka, na ndiye aliyekataza kutafuta kinga katika kamba na vidude. Katika safari moja Mtume (s.a.w.) alituma mtu kutangaza kuwa usisalie katika shingo ya ngamia mkufu wa kamba ya upinde ila ukatwe. Imam Malik alieleza kuwa waliokuwa wakizifunga walitaka kuzuia jicho. Ndugu zetu, ngamia na bata mzinga katika jambo hili ni mamoja! Kilichokatwa shingoni mwa ngamia hakiwi halali shingoni mwa bata mzinga, ati kwa kuwa kimeandikwa na mtu mwenye kilemba na kulipwa shilingi mia tano.

Ubaya zaidi ni wa dhana. Sura ya Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Yule jirani aliyetuhumiwa ni mama mjane, muuza mboga, wala si Mwislamu. Huyo ndiye ambaye kila jioni alikuwa akiwaletea ndege wale majani ya kabichi na sukuma wiki yaliyombakia, bure, bila ya kuombwa. Alisema siku moja, “Huyu ndege wenu amekuwa mkubwa kweli,” na neno hilo moja likageuzwa kuwa uchawi. Abdallah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, jambo la kwanza aliuliza kama wamempelekea jirani yao Myahudi, akasema kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza jinsi Jibrili alivyozidi kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani kuwa atamfanya mrithi. Huyo ni jirani wa dini nyingine anayepelekewa nyama. Wetu wa Kabiro alipelekewa matusi, naye ndiye aliyekuwa akileta chakula.

Shauri la tatu, la kuwahamisha wale wazima, kwa nje lafanana na busara, na kwa hiyo lina hatari zaidi. Ndege anayeonekana mzima huenda ameubeba ugonjwa tayari. Ukimpeleka Makina usiku, hukumwokoa. Umeyatoa maradhi katika ua mmoja ukayatia katika mtaa mzima. Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Na juu ya tauni ametufundisha tusiingie katika nchi iliyomo, wala tusitoke kuikimbia ikiwa imetukuta ndani. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Shamu akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu lake ni kuwa anatoka katika kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na moja ni kavu, kuwa upande wowote atakaochunga amechunga kwa kadari.

Watu wengine hushika hadithi isemayo kuwa hakuna kuambukiza, wakasema basi kutenga ndege ni upungufu wa imani. Hawa wameshika nusu wakaacha nusu. Bedui alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wazuri kama paa ambao huingiliwa na mwenye upele wakapata upele wote; naye akaulizwa, je, yule wa kwanza aliambukizwa na nani? Maana yake ni kuwa maradhi hayana uwezo kwa nafsi yao, na Mwenye kuumba sababu ni Mungu. Lakini sababu zipo, na tumeamrishwa kuziangalia. Mwenye kusema hivi ndiye aliyemwambia mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee.

Basi tulimwambia ndugu yetu: kata hirizi. Mtenge mgonjwa mahali pakavu pasipo upepo. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Nawa mikono kwa sabuni, na viatu ulivyokanyagia humo visitoke humo. Mpe maji safi na chakula laini, wala usimmiminie maji kooni kwa nguvu, yasije yakamwingia mapafuni. Usimpe vidonge vya binadamu kwa kubahatisha. Na asubuhi mpeleke kwa tabibu wa wanyama.

Hapa tuna neno la kuwaambia watu wa Kabiro na Kawangware. Mwenyezi Mungu amewaweka jirani na Kabete. Huko Idara ya Mifugo ina maabara yake, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina skuli yake ya utabibu wa wanyama. Watu husafiri kutoka sehemu za mbali kuja kutafuta elimu ile. Nasi tulio karibu hivi twapanda matatu kwenda kumtafuta mganga! Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na ametueleza kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Amri hiyo haikutimizwa na anayekaa mlangoni pa tabibu akaenda kununua kamba.

Fundi alikwenda. Wengi nyumbani walidhani ni mdondo, ule ugonjwa mkali wa kuku uliotambuliwa katika Kenya mara ya kwanza huko Mombasa mwaka 1935, nao huwashika mabata mzinga vilevile. Tabibu alitazama kile kinyesi, akauliza swali moja tu: “Huyu huishi pamoja na kuku?” Akajibiwa ndiyo, banda moja na ua mmoja. Tabibu akasema kuwa hilo analolidhania si mdondo. Akatoa dawa, akaonya kuwa huenda wamechelewa, na akataka akifa aletwe apasuliwe. Sultani alikufa siku ya tatu. Alipopasuliwa, ini lilikuwa na madoa ya mviringo yaliyodidimia kama alama za sarafu, na matumbo yale mawili yaliyozibika mwisho yamevimba na kuwa mazito.

Maradhi haya huitwa kichwa cheusi, ingawa kichwa hakiwi cheusi kila mara. Mwaka 1895 mtaalamu wa Marekani, Theobald Smith, alieleza kuwa husababishwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa jicho. Baadaye, mwaka 1920, ikabainika njia yake ya ajabu: kijidudu hicho hujificha ndani ya mayai ya mnyoo mdogo anayekaa katika matumbo ya kuku. Kuku hutoa mayai hayo katika kinyesi, na udongo huyahifadhi kwa miaka. Nyungunyungu huyala, na ndege anayeparura humla nyungunyungu. Kuku mwenyewe kwa kawaida hasikii kitu, au husikia kidogo tu. Lakini bata mzinga anapoyapata, ini lake huharibika, na wengi hufa.

Twataka msomaji asimame hapa kidogo. Nyumba ile ilitafuta mbaya wake nje ya ukuta, ikamkuta katika macho ya mjane. Kumbe mbaya alikuwa ndani ya ua wao wenyewe, chini ya nyayo zao wenyewe, amebebwa na kuku wao wenyewe waliokuwa wazima na wanene, wakitaga mayai kila siku. Jirani hakuleta ila majani ya kabichi. Ni mara ngapi tumefanya hivi katika mambo yaliyo makubwa kuliko bata mzinga? Mtoto akiharibika, twasema karogwa, na sababu imo katika nyumba yetu, yatembea na kula nasi. Biashara ikifa, twasema kuna hasidi, na daftari la madeni halijafunguliwa mwaka mzima. Ushirikina, pamoja na kuwa ni dhambi kubwa mbele ya Mungu, una hasara nyingine: humfanya mtu asitazame mahali ambapo ugonjwa upo kweli.

Tiba ya jambo hili yaanzia katika haki ambayo fuqahaa wetu waliiandika zamani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darasa za pwani yetu, amefunga mlango wa matumizi kwa haki ya wanyama: mwenye mnyama yamlazimu kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa, ikiwa ni mnyama wa kuliwa, ama kumwuza, ama kumlisha, ama kumchinja. Hakuachiwa njia ya nne, ya kumtupa pembeni afe. Na Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alizihesabu haki za mnyama juu ya binadamu, akataja kuwa yampasa amtunze hata akiwa mkongwe au mgonjwa asiyetarajiwa kumfaa kitu tena, na kuwa asimchanganye na kile kinachomdhuru. Mwanachuoni yule alikuwa akisema juu ya wanyama wapigao pembe na kuvunjana. Lakini maana yake yaenea. Ikiwa elimu ya leo imetuonyesha kuwa kuku humdhuru bata mzinga kwa kijidudu kuliko pembe zinavyodhuru, basi kuwachanganya baada ya kujua ni kukosa haki ile ile.

Kwa hiyo anayetaka kufuga mabata mzinga asiwaweke na kuku, wala asiwaweke juu ya udongo waliokaa kuku. Tunajua mtasema, “Sheikh, ua ni mmoja, tutawagawa vipi?” Ndugu yetu amewajengea majike wake watatu kichanja cha mbao kilichoinuka, chenye sakafu ya fito zilizoachana, ili kinyesi kianguke chini wasikiparure, na chakula chao na maji yao hukaa juu huko huko. Hakikumgharimu sana, ni mbao za masanduku. Kuku nao wamepewa dawa ya minyoo kwa kipimo cha tabibu. Na asisahau mtu chanjo ya mdondo: iko ya tone moja la jicho kwa kila ndege, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyekufa kwa maradhi azikwe ndani sana, au achomwe. Asitupwe mtaroni wala asipewe mbwa.

Na ikiwa tabibu amesema hakuna tamaa ya kupona, na ndege yu katika mateso, basi asiachwe kuteseka siku nyingi kwa sababu ya mapenzi yetu au uvivu wetu. Tumeamrishwa kunoa kisu na kumstarehesha tunayemchinja. Rehema ni kumwangalia yeye, si kuangalia nyoyo zetu peke yake.

Limebakia jambo moja, nalo ni letu sisi. Usiku ule fundi alipotuuliza juu ya kumwuza, mmoja wetu alimjibu mara moja kuwa ni haramu, akataja dalili, sote tukaitikia kwa vichwa, tukavaa viatu tukaenda zetu. Jawabu lilikuwa sahihi. Lakini hatukumuuliza kwa nini mtu mcha Mungu kama yeye alifikia kulifikiria jambo lile. Baadaye ndipo tulipojua: muhula ulikuwa unafunguliwa, karo ya binti haikutimia, na bei ya bata mzinga mmoja ingeitimiza. Sisi tulimkataza kwa ulimi hali tumeshiba, na mzigo wote wa kutii tukamwachia yeye. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Anayemfungia nduguye mlango wa haramu yampasa amsaidie kuufungua mlango wa halali, kama anaweza; na sisi tulikuwa tunaweza. Lilipochangwa, kila mtu kidogo kidogo, karo ilitimia katika majlisi moja.

Ama yule jirani, fundi alimwendea yeye mwenyewe, pamoja na mkewe na mama mkwe, bombani pale pale alipotukanwa, mbele ya wale wale waliosikia. Kwani tusi la hadharani haliondoki kwa samahani ya faragha. Mama yule hakusema mengi. Alimuuliza mtoto ndege amezikwa wapi, kisha jioni akaja na majani yake ya kabichi kama desturi, akauliza, “Hawa wa juu nao wanaruhusiwa kula?” Akaambiwa ndiyo, maadamu yameoshwa na hayakuanguka chini.

Ndugu zetu, tumeyaandika haya ili kila mwenye banda, awe wa Kabiro, au Kibera, au popote, ajiulize mambo matatu anapomkuta ndege wake ameinama: Je, nimemtimizia haki yake kiumbe huyu asiyeweza kunishitaki hapa duniani? Je, nimemlinda mnunuzi na jirani na madhara yangu? Na je, nimemtegemea Mungu kwa kufunga ngamia, au nimemtegemea kamba? Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila ya kumlisha, na mtu mwingine akasamehewa kwa maji aliyomchotea mbwa mwenye kiu. Mizani hiyo haijabadilika.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili uturuzuku kuiepuka. Utulinde na dhana mbaya juu ya majirani zetu, na utujaalie rehema kwa viumbe vyako vidogo, nasi uturehemu tulio wanyonge mbele yako. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.